Mkaguzi wa Mashine za Ujerumani

Mkaguzi wetu alikuwa mwoga, na hakuona haya kuwa mwoga. Kabla ya kuchomeka mashine yoyote ya gemu kwenye umeme aliupeleka mkono wa kushoto nyuma ya mgongo, akaubana kwenye mkanda wa suruali, kisha akaunyoosha wa kulia taratibu, uso ameugeuza pembeni na jicho moja amelifumba. Wateja wageni walicheka. Nami wiki ya kwanza nilicheka. Akanieleza kwamba ukigusa kwa mkono mmoja, ukipigwa na umeme unaumia mkono. Ukigusa kwa miwili, umeme unapita kifuani kutoka mkono hadi mkono, na kifuani ndiko kuliko na moyo. Tangu siku hiyo nami nikawa naficha mkono, hata nikiwasha birika la chai.

Duka letu lilikuwa Naif, mtaa wa Dubai, ghorofa ya kwanza, juu ya muuza mabegi. Tulipokea mashine za gemu zilizotumika, nyingi kutoka Ujerumani, tukazisafisha, tukazijaribu na kuwauzia wafanyabiashara wanaopeleka mizigo Afrika Mashariki. Arbab, ndivyo tulivyomwita bosi, alikuwa mwenye duka na mwenye viza zetu. Mimi niliuza na kufunga mizigo. Yeye alikuwa Mkaguzi. Jina lake nalijua, lakini sikumbuki kulisikia likitamkwa dukani. Mimi nilimwita Ami, kwa sababu nilipomwita sir siku ya kwanza alinitazama kwa huruma.

“Masir wako mahotelini,” akasema. “Mie niite Ami. Nina umri wa baba yako.”

Kazi yake ilikuwa kubandika stika ya kijani. Stika hiyo ilimaanisha kwamba mashine inaweza kuchomekwa Kampala, Mwanza au Kitale bila kumdhuru mtu. Kitale nakutaja kwa sababu ndiko kwetu. Mdogo wangu wa kike ana kibanda cha gemu karibu na soko, cha mabati, chenye viti vya plastiki na pazia la kuzuia jua lisipige kwenye runinga. Watoto wa mtaa hujazana humo wakitoka shule. Mashine zake zote zilitoka kwetu, na kila moja ilikuwa na stika ya Mkaguzi. Mimi ni mtu wa wasiwasi, naota moto hata nikilala mchana, lakini kwa mashine zenye stika ile sikuwa na wasiwasi.

Wajerumani alikuwa anawajua kwa vitu walivyoviacha. Aliishi kwao miaka mingi, katika ghala la duka kubwa la vifaa vya umeme, upande wa bidhaa zinazorudishwa. Alisema Mjerumani hanunui gemu kama sisi tunavyonunua maandazi. Anasoma kwanza, analinganisha, anangoja, ananunua, na akishanunua anatunza boksi. Msimu wa baridi, giza linapoingia mapema, anajifungia ndani acheze. Mashine mpya ikitoka, ile ya zamani anairudisha kwenye boksi lake, na nyaya amezikunja vizuri kuliko tulivyozikunja sisi dukani. Ndiyo maana mizigo yetu mikubwa ilikuja baada ya Krismasi, wakati wa watu kupata mpya na kuuza kuukuu.

Wateja walipenda kumsikiliza. Nakumbuka mama mmoja mfanyabiashara wa Kampala, mwenye sauti ya kujaza ngazi nzima, aliyeishika mashine kama anayechagua papai.

“Mzee, hii si imechoka? Watoto wameipiga mpaka basi.”

“Watoto wepi?” Mkaguzi akajibu. “Huko hata bibi mwenye wajukuu anacheza. Aliyekuwa na hii keshakula chakula chake cha jioni, keshanawa mikono, ndo kakaa kucheza. Tazama ndani ya boksi. Hata kikaratasi cha maelezo kimo, na kakisoma.”

“Sasa alicheza nini? Mpira?”

“Trekta.”

Yule mama akanigeukia mimi, akidhani anataniwa. Lakini ilikuwa kweli. Katika kila mzigo tulikuta diski za gemu za kilimo, mtu anakaa sebuleni kwake analima shamba ambalo halipo, anavuna, anauza, ananunua trekta kubwa zaidi. Kuna za malori pia, na za treni. Kwa mdogo wangu Kitale, ambako trekta zinapita barabarani na kumwaga matope mlangoni, diski hizo hata bure hakuzitaka. Wateja wake wanataka mpira na mieleka, basi.

Mkaguzi aliwacheka sana Wajerumani kwa trekta zao. Mtu anatoka kazini, alisema, anakwenda kulipia kazi nyingine. Halafu Ijumaa baada ya swala, duka likiwa tupu, akitaka kuhakikisha kwamba padi ya kuchezea inafanya kazi, unaona aliyoiweka kwenye mashine ni diski ya trekta. Analima mstari ulionyooka kutoka upande mmoja wa kioo hadi mwingine, anageuza, anarudi. Ukimwita haitiki. Nilimuuliza mara moja anajaribu padi ipi kwa muda wote huo. Akasema anajaribu kama betri inadumu.

Uoga wake ulikuwa na mipaka ya ajabu. Hakumwogopa arbab hata kidogo. Siku arbab alipotaka kupandisha mzigo ambao haujakaguliwa, akapiga makofi na kusema kwa kile Kiswahili chake cha wateja, “Yalla, yalla, mzee, kago leo,” Mkaguzi aliketi juu ya katoni, akakunja mikono.

“Kago kesho,” akasema. “Ukitaka leo, kachomeke wewe mwenyewe nyumbani kwako, watoto wako wakitazama.”

Arbab akanuna mpaka adhuhuri, halafu akatuagizia biriani. Lakini mtu huyohuyo aliyemjibu tajiri hivyo hakupanda metro. Alikaa na binti yake mtaa wa Rashidiya, kituo cha metro kiko karibu, naye kila asubuhi alipanda basi kwenye joto. Treni isiyo na dereva, alisema, ikikosea inamwomba nani msamaha? Gemu za bunduki zenye alama kubwa nyekundu ya umri, ile Wajerumani wanayoichapa kwenye kasha ili mtoto asiuziwe, alizijaribu akiwa ameangalia ukutani. Alisema alama hiyo haikuweka umri wa mwisho, na yeye keshapitiliza.

Kitu alichokiogopa kuliko vyote kilikuwa kidogo, na kiko chini ya mashine ambako watu hawaangalii. “Kutoka Ujerumani si kuzaliwa Ujerumani,” alikuwa akituambia, akiipindua mashine kabla hata ya kutazama uso wake. Kule kuna kambi za wanajeshi wa Kimarekani. Wanajeshi wanakuja na mashine za kwao, wakihama wanaziuza palepale, nazo zinachanganyika na za wenyeji. Mashine za zamani za Kimarekani zinataka umeme mdogo, nusu ya huu wetu. Waya wa ukutani unabadilishwa tu, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ukiichomeka Dubai au Kenya, inapasuka. Ukweli wote uko kwenye maandishi madogo yaliyo chini ya mashine au kwenye adapta yake.

Niliwahi kuona moja ikipasuka. Mteja mwenye haraka aliichukua kwenye rundo, akachomeka mwenyewe. Ulisikika mlio kama wa sufuria kuanguka, ukafuata moshi mweusi na harufu iliyokaa kwenye nguo zangu hata baada ya kufua. Mkaguzi alitetemeka mpaka meno yakagongana. Aliketi sakafuni akihesabu kwa Kijerumani, moja, mbili, tatu, kama alivyofanya kila alipotaka kutulia. Mteja alikuwa anacheka. Mkaguzi akamwambia, “Leo umecheka kwa sababu ni wewe. Angekuwa mtoto?”

Kwa hiyo mezani pake palikuwa na soketi mbili. Moja ilikuwa ya kawaida ya ukutani, kwa mashine za Kijerumani. Ya pili ilitoka kwenye taransfoma, lile sanduku zito la kupunguza umeme, kwa mashine za Kimarekani. Za Kimarekani zilizowaka hazikupata kijani. Zilipelekwa kona ya nyuma kufunguliwa na kuuzwa vipuri.

Sasa nisemeje jambo lililonitia hofu, maana lilianza kwa sura nzuri. Mkaguzi aliacha kuogopa.

Kwanza nilimwona akichomeka bila kugeuza uso. Kisha mkono wa kushoto ukaacha kwenda nyuma. Akawa anashika mashine kwa mikono miwili, anaimba kidogo, taarabu za kwao Unguja, hata aliwasalimia watu huku anachomeka. Arbab alifurahi kwa sababu kazi ilikwenda haraka. Mimi hapana. Kumwona mtu wa namna ile akitembea katikati ya nyaya kama bustanini kulinitisha kuliko moshi wa siku ile. Nilimuuliza.

“Ami, mkono umeusahau.”

Akautazama mkono wake. Akautazama kwa muda, kama mtu aliyeletewa kitu cha mtu mwingine.

“Mkono una nini?” akasema.

Katika wiki hiyo rundo la mashine mbovu lilianza kuwa kubwa. Mashine nzuri, zenye maboksi na vikaratasi vyake, zikawa zinawekwa pembeni na alama ya kifo. Arbab akaanza kulaumu Wajerumani, kwamba siku hizi wanauza takataka. Mzigo mwingine ulikuwa umeshapanda ndege kwenda Nairobi, na ndani yake kulikuwa na mashine mbili za mdogo wangu, zenye stika ya kijani, za kusafirishwa kwa basi mpaka Kitale.

Siku moja Mkaguzi alikwenda kuswali adhuhuri, nami nikachukua moja ya mashine mbovu. Sijui kwa nini. Niliipindua kama alivyonifundisha. Ilikuwa ya Kijerumani. Nikaficha mkono, nikaichomeka ukutani. Ikawaka, ikanikaribisha kwa jina la Mjerumani fulani. Nikachukua nyingine, ikawaka. Niliufuata waya aliouacha umechomekwa mezani, nikaona unakoishia. Alikuwa anajaribu mashine zote kwenye taransfoma. Umeme ule haukutosha kuwasha ya Kijerumani, kwa hiyo aliiona imekufa. Ya Kimarekani iliwaka vizuri, kwa hiyo aliipa kijani bila hata kuipindua.

Nilikimbilia mashine zenye stika ya kijani zilizobaki rafuni. Nikapindua ya kwanza. Ilikuwa ya Kimarekani. Nikapindua ya pili. Nayo vilevile.

Nilimwambia arbab palepale, kwa sauti ambayo sikuijua. Kwa haki yake, hakupoteza muda kugombana. Alishika simu akaanza kumpigia kila aliyechukua mzigo ule, “Usichomeke, usichomeke, khalas, usiguse.” Mimi nilimpigia mdogo wangu. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ilikuwa saa ya yeye kufagia kibanda na kupanga viti kabla watoto hawajatoka shule, saa ambayo simu huwa mfukoni mwake. Nikapiga tena. Nilisimama dirishani nikiangalia mkokoteni wa mizigo ukikwama katikati ya barabara, watu wakipigiana kelele, na mimi naomba kwa majina yote ya Mungu ninayoyajua.

Mkaguzi akarudi kutoka msikitini, kofia yake mkononi. Aliona nyuso zetu. Aliona mashine mbovu inawaka mezani pake. Hakuna aliyemweleza. Aliinamia waya, akaufuata kwa kidole mpaka kwenye taransfoma, na hapo nikaona hofu yake yote ikimrudia kwa mara moja. Akaketi sakafuni. Alijaribu kuhesabu kwa Kijerumani, akafika tatu, akaikosa namba iliyofuata.

“Zimekwenda wapi?” aliniuliza. “Mwanangu, zile nilizokwisha kuzipitisha zimekwenda wapi?”

Wateja wengine waliwahiwa wote, mashine zikiwa bado katika katoni. Mdogo wangu alipokea simu alasiri, au tuseme jirani yake ndiye aliyepokea. Alikuwa amechomeka ya kwanza asubuhi ili watoto wakija waikute tayari. Adapta ilipasuka, moto ukarukia pazia. Alilivuta pazia kwa mkono akalitupa nje kabla mabati hayajageuka tanuri. Kibanda kilipona. Mkono wa kulia uliungua kiganjani, na vidole viwili mpaka leo havikunjiki hadi mwisho.

Nilipozungumza naye mwenyewe, alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuisikia kwake.

“Huyo mzee wenu,” alisema, “siku nikimpata nitamwambia. Watoto wangekuwa ndani. Unaelewa? Ingekuwa saa kumi, wangekuwa wamejaa ndani.”

Nilielewa. Hata sasa nikisikia chochote kikidondoka nyuma yangu, naona watoto wamejaa ndani.

Binti yake Mkaguzi alikuja kumchukua jioni ileile, naye mzee hakurudi tena kazini. Daktari alilitaja lile ambalo sote tulikuwa tumeanza kulihisi, kwamba akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo, na ujasiri ule ulikuwa sehemu ya ugonjwa. Arbab aliajiri kijana mwenye vyeti. Mimi huzipindua zote tena nyuma yake, naye hunicheka.

Ilipita miezi kabla sijapata moyo wa kwenda Rashidiya. Nilipanda metro, nikakaa nimeshika chuma kwa mikono miwili. Binti yake, mwanamke mpole anayeongea Kiunguja kile cha wazee ingawa kakulia hukuhuku, alinikaribisha sebuleni na chai ya maziwa na vileja. Soketi zote za ukutani zilikuwa zimefunikwa kwa vifuniko vya plastiki vya kuzuia watoto. Mkaguzi alikuwa kwenye kochi, kanzu safi, amenyolewa vizuri. Alinitambua, au alitambua kwamba ninatoka Naif.

“Mwanangu,” akasema mara nilipoketi. “Ule mzigo wa mwisho. Haujamuunguza mtu?”

Sikuwa nimejiandaa. Tena mimi nililelewa kwamba mtu mzima akikuuliza, unamjibu ukweli. Nikasema, “Ulimuunguza mdogo wangu mkono, Ami. Lakini amepona.”

Uso wake ulivunjika. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu nisizomdhania, akawa anauliza mkono gani, vidole vinakunjika, kulikuwa na watoto, kulikuwa na watoto? Alikuwa anatetemeka kama siku ile ya moshi, pumzi zinamkatika. Binti yake alikuja mbio kutoka jikoni, akampakata kichwa, akamsomea dua sikioni mpaka akatulia. Kisha akanitazama, bila hasira, akaninong’oneza.

“Humuuliza kila anayekuja. Sisi humwambia umefika salama. Baada ya muda anasahau, anauliza tena, na kila mara anaogopa upya.”

Tulikunywa chai. Nilimega kileja nikakichovya. Kweli haikuchukua muda. Aliinua uso, akanitazama kama ndiyo kwanza ninaingia.

“Mwanangu. Ule mzigo wa mwisho. Haujamuunguza mtu?”

“Umefika salama, Ami,” nikasema.

Nilidhani yatakwisha hapo. Lakini mtu aliyekagua maisha yake yote hakubali neno tu. Alitikisa kichwa.

“Umeuona wewe? Hukuuona. Mpigie aliyeupokea.”

Nilimtazama binti yake. Naye alinitazama. Mkaguzi alikuwa amenyoosha mkono, anangoja simu. Mpokeaji niliyekuwa naye alikuwa mmoja tu, na huyo alikuwa ameapa atakalomwambia. Nilibonyeza jina la mdogo wangu, nikaweka spika, nikiomba asipokee. Alipokea mara ya kwanza. Nyuma yake zilisikika kelele za watoto na mlio wa gemu ya mpira.

“Nasikia watu. Uko na nani?” akauliza.

Sikuwahi kufungua kinywa. Mkaguzi alikuwa ameshachukua simu, ameishika kwa mikono yake miwili karibu na mdomo.

“Binti,” akasema, na sauti ilikuwa imekonda. “Mie ndo mkaguzi wa Dubai. Nilikosea kitu, sikumbuki nini. Mashine zimekuunguza?”

Kelele za watoto zikapungua, nadhani alitoka nje ya kibanda. Nilifumba macho. Nilikuwa naogopa kuliko siku ile dirishani, kwa sababu siku ile sikuwa naliona lililokuwa likija. Nilisikia anavuta pumzi.

“Hapana, Mzee,” mdogo wangu akasema. “Zinawaka zote.”

“Na mikono yako?”

“Iko sawa. Yote miwili.”

Mkaguzi alishukuru Mungu, akamwombea baraka kwa maneno marefu ya kwao, akanirudishia simu. Kisha akavuta kikombe chake, akapulizia chai ambayo ilikuwa imepoa zamani, akaanza kunywa. Simu yangu ilikuwa bado haijakatwa. Nilizima spika, nikaiweka sikioni, nikamsikia mdogo wangu analia.